Sindano ya Pili

Jumatatu, 1 Machi 1954

Leo wamemleta Sikuzani, binti wa Zena. Miaka tisa. Alianguka shambani akipalilia mihogo, akakakamaa, akatetemeka, kisha akatulia mwenyewe. Baba yake, Mwinyimadi, amembeba mgongoni mpaka hapa dispensari. Alipofika alikuwa na akili zake, analia kichwa kinamuuma, povu limekauka shavuni.

Zena hakuingia. Alisimama mlangoni. Nikamwambia karibu ndani, Mama Sikuzani. Akasema hapo panamtosha. Bwana Mashaka, mkubwa wangu wa kazi, alipofungua kabati la dawa akauliza upesi: "Hamumchomi sindano?"

Nikasema hapana, imeshapita, hana haja ya sindano.

Akashusha pumzi. Muda wote ananiangalia mikono. Uso wangu hakuutazama hata mara moja.

Alhamisi, 4 Machi

Nimeshindwa kulala siku tatu. Acha niandike, labda kitanitoka.

Tarehe 19 Januari. Abdala, mdogo wake Sikuzani, miaka minne. Homa kali, degedege. Bwana Mashaka alimchoma paraldehaidi, dawa ya kutuliza degedege, chumba cha mbele. Kabla hajaandika, tarishi wa jumbe akaja mbio, anaitwa barazani. Akatoka. Hakuandika. Hakuniambia. Mimi, mkunga, nilikuwa chumba cha nyuma na mzazi mwenye uchungu. Nikaja, nikamkuta mtoto anatetemeka mapajani mwa Zena. Nikavuta cc mbili, nikamchoma.

Sikuuliza!

Zena alifungua mdomo anataka kusema neno. Nikamwambia, "Nyamaza mama, niache nifanye kazi."

Degedege likakoma. Tukasema alhamdulillahi. Mtoto akalala. Akazidi kulala. Kisha midomo ikageuka rangi. Mashaka aliporudi akaona sindano mbili kwenye beseni, akanitazama, nikamtazama. Akamlaza mtoto kifudifudi, akawa anakandamiza mgongo na kuinua mikono kama tulivyofundishwa kwa waliozama majini. Robo saa nzima. Bure.

Baina ya sindano ya kwanza na ya pili—dakika nane.

Mashaka akasema tukiandika ukweli tutafungwa sote wawili na mtoto harudi. Rejista inasema "Malaria ya kichwani." Mwandiko ni wangu mimi, Mwamvita. Si wa Mashaka.

Tangu hapo kina mama wanaambiana kisimani: mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Nawasikia. Siwezi kuwaambia ni waongo.

Jumapili, 7 Machi

Jana Daktari alikuja kukagua kutoka Kisarawe. Gari lilikwama mara mbili, amefika na matope mpaka magotini. Amempima Sikuzani. Ni kifafa, kasema. Amempa vidonge vya fenobabitoni, kimoja kila jioni. Amewaambia wazazi kwa Kiswahili chake cha bomani, polepole: msiache hata siku moja. Mkiacha ghafla, ugonjwa unarudi kwa hasira.

Halafu akaomba kabati lifunguliwe. Chupa mbili za paraldehaidi. Akanusa ya kwanza—akarudisha kichwa nyuma. Siki tupu! Imeharibika, akasema, hii ukimchoma mtu unamchoma sumu. Akatoka nayo mwenyewe akaimwaga shimoni. Ya pili ni nzima lakini imebaki robo. Mashaka ataifuata nyingine Dar es Salaam.

Kabla hajaondoka akauliza kama tunaandika saa na kipimo kila tukitoa dawa hii.

Mashaka: "Tunaandika, Bwana Daktari."

Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Ijumaa, 12 Machi

Sikuzani hajaanguka tangu aanze vidonge. Ila anasinzia. Bibi yake, Mwanajuma, mama yake Mwinyimadi, amekuja leo na fimbo yake, hasira mpaka kanga inamdondoka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu mmemfanya gogo! Anasinzia na mchi mkononi. Jana kanusurika kuangukia moto."

Nikamweleza: mwili utazoea, wiki mbili tatu atachangamka. Asiachishwe. Asikaribie moto kwa sasa.

"Mie nimezaa saba, mwanangu. Hakuna niliyemlaza kwa vidonge."

Nikasema tena, bibi, tafadhali, visiachwe. Akasema amesikia. Alipofika kwenye ngazi akageuka. "Mmoja mmeshamlaza," akasema. "Hakuamka."



Jumamosi, 20 Machi—Kongowe

Nipo nyumbani siku tatu kwa hitima ya marehemu baba. Lori nimepanda Masaki ya huku Kisarawe mpaka reli, kisha miguu, kisha lori jingine. Mama kapungua. Magoti yanamsumbua lakini kanikatalia kumsaidia kupika.

Asubuhi tulikuwa wawili tu tunachambua mchele. Nikamwambia. Yote, mpaka rejista. Hakuniuliza kitu mpaka nikamaliza. Akaendelea kuchambua. Nikadhani hakusikia.

"Mwenye mtoto umemwambia?"

"Bado, mama."

"Sasa mie unaniambia ya nini?"

Basi. Jioni akanipa mayai kumi ya kuku wake, nimpelekee Zena. Nimpelekee nikisema nini?

Jumanne, 23 Machi

Nimerudi. Mvua kubwa toka Masaki mpaka hapa, mwendo wa saa moja na nusu nimetembea tatu. Mayai saba yamefika salama.

Nikapita kwa kina Sikuzani kabla hata ya kubadili nguo. Subhanallah, mtoto kachangamka! Anaruka kamba na wenzake, matope mpaka nyweleni. Nikafurahi hasa. Nikamuuliza Bibi Mwanajuma kama vidonge anameza. Akasema, "Anameza, kila jioni mkononi mwangu." Akanionyesha kikopo. Nikahesabu vilivyobaki. Sawasawa kabisa na siku zilizopita.

Nikajiambia mwili umezoea, kama nilivyosema.

Zena aliyapokea mayai. "Ya nini haya?" Nikasema mama anakusalimu. Akasema mama yako hanijui. Nikasema kweli. Mvua ikazidi, nikaondoka. Mwoga mimi.

Ijumaa, 26 Machi

Mashaka kaenda Dar es Salaam kufuata dawa. Anasema Jumatatu karudi, lakini kwa barabara hii nani ajuaye.

Tumegombana kabla hajaondoka. Nilimwambia nitakwenda kwa Zena nimweleze. Akafunga mlango. Akasema, "Nina kazi ya miaka kumi na minne, nina watoto watano, wewe una nini cha kupoteza?" Nikasema usingizi. Kisha: "Subiri nirudi, Mwamvita. Twende wote." Sijui kama ni kweli au ananichelewesha.

Funguo kaniachia. Lakini paraldehaidi nisiiguse, amri. Wewe ni mkunga, akasema. Likitokea jambo mlaze mgonjwa ubavu, subiri.

Nikamuuliza nisubiri mpaka lini?

Alikuwa anafunga mkoba.

Jumanne, 30 Machi

Naandika Kisarawe, barazani mwa hospitali, baada ya magharibi. Lazima niandike kila kitu kwa mpango wake, nisije nikajidanganya baadaye.

Mashaka hakurudi jana. Leo saa tatu kasoro asubuhi wamemleta Sikuzani juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne. Anakakamaa, anatetemeka, anapumzika kidogo bila kuzinduka, anaanza tena. Mwinyimadi anasema la kwanza lilimpata alfajiri, likamwachia, akanywa hata uji. Halafu jua lilipotoka likamrudia na halikukoma. Zaidi ya saa nzima! Mwiko katikati ya meno, damu kwenye ufizi. Nikautoa mwiko. Nikamgeuza ubavu, nikafuta mate, nikalegeza nguo. Homa hana.

Nikauliza. Safari hii niliuliza! Nilisimama katikati ya chumba nikasema kwa sauti: leo amepewa dawa yoyote? Ya kwetu, ya mganga, ya kunywa, ya kufukiza, chochote?

Mwinyimadi: hapana. Zena: hapana. Bibi Mwanajuma: "Vidonge vyenu tu, jana jioni, kama kawaida."

Nikauliza mara ya pili. Jibu lile lile. Nikaandika kwenye karatasi.

Nikawasha jiko la primasi, nikachemsha sindano ya kioo. Nikanusa chupa—inanuka kama yenyewe inavyonuka, si siki. Iliyobaki kama cc nne. Nikageuka, Zena yuko baina yangu na kitanda.

"Hapana."

"Mama Sikuzani, ubongo wake unachoka. Ikiendelea hivi atakufa au ataamka si yeye."

"Abdala mlisema hivyo hivyo."

"Najua."

"Hujui wewe. Mimi ndiye niliyemshika."

Nyuma yake mtoto anagonga kitanda, ta-ta-ta-ta. Mwinyimadi akasema mkewe asogee. Hakusogea. Nikaona hakuna njia nyingine, na kama ningekuwa na mwezi mzima wa kuchagua maneno nisingepata mengine.

Nikamwambia: "Abdala hakuuawa na sindano. Aliuawa na sindano mbili. Ya kwanza alichoma Bwana Mashaka, ikawa bado haijafanya kazi. Ya pili nilimchoma mimi, sikuuliza. Dawa hii inatuliza mwili, ikizidi inatuliza na pumzi. Ulitaka kuniambia. Nikakuambia unyamaze."

Wale waliobeba kitanda walitazama chini.

Nilidhani atanipiga. Ningemwacha anipige. Akasema polepole sana, "Nilitaka kukuambia kachomwa tayari."

"Ndiyo."

"Miezi miwili nasema labda ningepiga kelele."

"Kosa si lako. Ni langu."

Akamtazama Sikuzani. Akanitazama mimi—usoni. "Mchome. Moja. Ukishika ya pili, wallahi nakuua hapa hapa."

Ratili arobaini na nane, nilimpima mapema mwezi huu. Cc tatu. Paja la kulia, upande wa nje, mbali na mshipa. Saa tatu na dakika ishirini. Nikaandika kwenye karatasi. Nikachora na alama ya msalaba kwa dawa ya zambarau pale pale pajani, yeyote atakayemwona ajue. Zena akauliza ya nini alama hiyo. Nikamweleza. Akasema chora kubwa zaidi.

Tukasubiri. Dakika tano, bado. Mkono wangu wenyewe ulitaka kwenda kwenye chupa, niliuona! Nikaukalia. Dakika tisa, mguu umetulia. Kumi na mbili—kimya. Mwinyimadi akasujudu pale pale sakafuni.

Ndipo Bibi Mwanajuma akaingia kutoka barazani. Hakuwa na fimbo. Anashika ukuta.

"Nesi, mwanangu. Umesema mbili zinaua?"



Akasema alikuwa hampi vile vidonge. Kila jioni anakitoa kimoja kikoponi, anakificha, kwa kuwa mtoto alikuwa anakuwa zezeta na asipokunywa anacheza. Alfajiri alipoanguka, bibi aliogopa. Akadhani ndiyo adhabu ya kumnyima. Basi degedege lilipomwachia akavisaga vyote alivyoficha, akavitia katika uji, akamnywesha.

"Vingapi, bibi?"

"Vyote."

"Vingapi?"

Alihesabu kwa vidole, anaanza upya, anaanza upya. Kumi na kimoja. Kimoja au viwili huenda kavitema.

Zena alitoa sauti sijawahi kuisikia kwa mtu. Hakumgusa mama mkwe wake. Aligeuka tu akaweka kiganja kifuani kwa mtoto.

Na mimi nilijua lile ambalo wao hawakulijua: vile vidonge ni vizito, vinakwenda polepole. Vilikuwa bado vinakuja.

Nikaandika chini ya mstari wa kwanza: fenobabitoni, kumi na kimoja, alfajiri. Nikamtuma Mwinyimadi akimbie Masaki akasimamishe lori la Salumu, yule anayechukua makopa ya mihogo na mkaa. Nikabaki na Zena. Nikamfundisha kushika taya mbele ili ulimi usirudi nyuma. Nikatazama saa, tukahesabu pumzi. Ishirini kwa dakika. Kumi na saba. Kumi na nne. Zena hajui kusoma saa, akasema niambie anza na niambie basi, katikati nitahesabu mie. Tukafanya hivyo karibu saa tatu nzima. Tulikuwa hatusemi kitu kingine. Anza. Basi. Kumi na tatu. Anza. Basi. Kumi na mbili.

Niliamua ikifika nane nitamgeuza kifudifudi nianze kuinua mikono. Ikafika tisa. Ikakaa tisa.

Saa sita na nusu lori likaja. Juu yake—Mashaka! Alikwama Masaki tangu jana na masanduku ya dawa. Akaruka chini, akaingia na mkoba. Wakati ule ule mkono wa Sikuzani ukaruka mara moja, mara mbili. Mashaka akaona. Akavunja lakiri ya chupa mpya, akavuta. Sikupiga kelele. Niliweka kiganja changu juu ya ile alama ya zambarau, na kwa mkono mwingine nikampa karatasi.

Alisoma. Alisoma tena. Uso wake ukawa mzee.

"Nani kaandika saa?"

"Mimi."

Akaitazama ile sindano iliyojaa. Akaimwaga dirishani.

Toka pale mpaka Kisarawe alipiga magoti juu ya magunia ya makopa, taya la mtoto mikononi mwake, mvua inampiga mgongoni. Tulikwama mara nne. Wanaume wanasukuma, yeye hakutoa mkono. Tumefika saa kumi na mbili kasoro robo. Yuko hai. Hajazinduka.

Jumatano, 31 Machi

Pumzi kumi na moja. Hajaamka.

Daktari aliichukua karatasi jana mlangoni kabla hata ya kumgusa mgonjwa. Leo kaniita. Kasema wamempa maji kwa mshipa, wanamgeuza kila baada ya saa mbili, kifua kikianza kukoroma wanakifyonza. Hakuna zaidi. Dawa lazima itoke mwilini yenyewe. Kasema pia kwamba angefika bila habari ya vidonge, kwa ile mitikisiko ya mkono, yeye mwenyewe angempa sindano nyingine.

Mwenyewe! Nimelirudia neno hilo siku nzima.

Zena aliomba karatasi. Daktari akainakili kwenye faili, akampa. Hajui kusoma. Ameikunja mara nne.

Hajasema na mimi tangu jana. Mwinyimadi alinipa kipande cha muhogo wa kuchoma bila neno. Bibi Mwanajuma kabaki kijijini. Wanasema hali chakula.

Alhamisi, 1 Aprili

Asubuhi nimekwenda kwa Daktari nikamwambia habari ya Abdala. Nilidhani nitalia. Sikulia. Akasema niandike. Nikaandika kurasa mbili, na pale penye "Malaria ya kichwani" nikaandika huu ni uongo, na mwandiko ni wangu. Akasoma akiwa amesimama. Akauliza Bwana Mashaka anajua kwamba nimekuja? Nikasema hapana.

Mlango ukagongwa. Mashaka. Kavaa ile kofia yake ya kazi, kaishika tena mkononi, kaivaa, kaivua. "Niongeze jina langu," akasema. "Ya kwanza nilichoma mimi, na sikuandika."

Daktari akasema kutakuwa na uchunguzi. Rejista italetwa. Mpaka hapo mimi na Mashaka tusiguse dawa wala mgonjwa, popote. Ni haki. Nilipotoka nje miguu ilikuwa myepesi, na saa hiyo hiyo nikaogopa: sasa nitakula nini, nitamwambia nini mama?

Mashaka kakaa kwenye ngazi. Nikakaa. Akasema mtoto wake wa mwisho naye ana miaka minne.

Mchana: pumzi kumi na sita! Kakunja uso alipogeuzwa. Zena kacheka, kisha kajiziba mdomo kwa kanga.

Ijumaa, 2 Aprili

Alfajiri Sikuzani kafumbua macho. Kamwambia mama yake ana kiu. Maneno mawili tu, ulimi mzito, kalala tena. Lakini kamjua mama yake! Mwinyimadi kaenda msikitini kabla ya wote.

Mimi naruhusiwa kukaa barazani tu, nje ya wodi. Naona kitanda kupitia dirishani, miguu yake, ile alama ya zambarau bado haijafutika.

Saa nane baada ya sala Zena akatoka. Akasimama mbele yangu. Mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Daktari anasema vidonge ataanza tena. Kidogo kidogo."

"Ndiyo. Na asiache."

"Nitampa mimi. Si bibi." Kisha: "Siku ile Abdala. Aliumia?"

Nikamwambia ninaloliamini: hapana, alilala. Akatikisa kichwa. Sikujua anakubali au anakataa. Akasema, "Sijakusamehe."

"Sijakuomba bado."

"Usiniombe sasa." Lakini hakuondoka. Akakaa, nafasi ya mkono mmoja baina yetu.

Ni hapo tuliposikia kitanda. Sauti ile. Ta-ta-ta. Zena alikuwa ndani kabla sijasimama. Nikakimbilia dirishani. Mkono wa kushoto, halafu uso, halafu mwili mzima. Nikatazama saa: nane na dakika thelathini na nne. Daktari yuko bomani. Akaja msaidizi wa Daktari, wa zamu ya mchana, mgeni, leo ndiyo siku yake ya kwanza, nyuma yake nesi na trei. Anatembea upesi. Nimemwona mtu anatembea hivyo. Nilikuwa mimi.

Nikafika mpaka kizingitini. Nisiguse dawa wala mgonjwa. Nikasimama pale, mguu mmoja ndani mmoja nje. Nikapaza sauti: nane na thelathini na nne!

Zena alinisikia. Alimgeuza mtoto ubavu, mwenyewe, akashika taya mbele. Kisha akasimama baina ya kitanda na trei, mwembamba vile, akaingiza mkono kifuani, akatoa ile karatasi, akaifungua mikunjo yake yote minne. Yule msaidizi alikuwa ameshaishika sindano. Akamwambia sogea mama, niache—

"Sisogei," Zena akasema. "Soma kwanza. Halafu niulize mimi kapewa nini leo, na saa ngapi."

Msaidizi amesimama. Anasoma. Nane na thelathini na saba. Mlango wameusukuma ukafungwa, naandika hapa nje, sioni tena, nasikia sauti ya Zena tu, anamjibu swali moja moja, polepole, hakosei.